Njia ya Kurudi

Rotia hakupenda kunakili ubaoni. Mkono unaandika, akili inalala, alisema, na hapo hakukosea hata kidogo. Kwa hiyo Mwalimu Tiaon alipohamia kisiwani Onotoa kutoka mji wa Tarawa na kazi zake za kila namna, binti alifufuka. Leo wanachora ramani ya kijiji, kesho wanaigiza kikao cha wazee kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, keshokutwa wanabishana kwa makundi mpaka makoo yanakauka. Kwenye makundi alijifunza kwamba mwenye sauti kubwa huenda hana la kusema. Kwenye maigizo alijifunza kwamba mtu anaweza kusimama mbele za watu na asife.

Ndipo ikaja kazi nyingine: kila mmoja awafundishe wenzake jambo la kwao. Jamani, mwalimu huyu! Kakulia mjini, ataelewa wapi? Onotoa ujuzi ni mali ya ukoo, na mtu wa nje akikubana umwambie, unambania kipande. Ndivyo wanavyofanya wote.

Rotia akafundisha mlango wa mwamba wa babu yake Nabuaka, ule upenyo wa ngalawa unaotokea bahari kuu kwenye jodari. Alipanga kokoto mezani. Weka paa la kanisa nyuma ya mshelisheli mrefu, shikilia mstari huo mpaka nje. Njia ya kutokea aliieleza yote. Ya kurudia aliibania. Pale mkondo humsukuma mtu pembeni, na anayerudi kwa alama zilezile anaishia juu ya mwamba. Darasa likamshangilia, naye akaketi kichwa kimevimba.

"Sasa," mwalimu akasema, "kesho asubuhi kila kundi likajaribu lilichofundishwa. Mchana mniletee ushahidi!"

Mwalimu aliwaza mikeka na mapishi, masikini. Lakini Bwereti na binamu zake wawili walitazamana wakacheka, na Rotia akajua wanakwenda mwambani.

Jioni alimkuta Bwereti anakaza kamba za ngalawa.

"Bwereti, msiende. Sikusema yote. Kurudi kuna alama nyingine, mnatakiwa mshike..."

"Ehee! Babu kakutuma?"

"Hajui lolote. Nakwambia kweli."

"Darasani ulisema kweli, sifa zilikulevya. Sasa umejuta, unataka kutupoteza. Ukoo wenu nani asiyeujua? Mchoyo we!"

"Mtakufa, Bwereti!"

"Tutakuletea kichwa cha samaki, shemeji," akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Akabaki Nabuaka. Neno lake moja lingeifunga ngalawa ile ufukweni. Rotia alimkuta anawakunia nguruwe nazi.

"Una nini, mjukuu wangu? Uso umekunjamana hivyo."

"Babu..."

"Sema basi. Halafu kesho nikuonyeshe alama za kusini. Wajomba zako siwapi, wana midomo. Wewe nakuamini."

Angesema, zile alama za kusini asingezipata kamwe, na hata hizi alizonazo babu angejuta kumpa. Alimpenda mzee yule, na aliupenda ujuzi wake kupita kiasi. Akasema ana njaa tu.

Siku ya pili upepo uligeuka kabla ya saa nne, na mawimbi ya mwambani yakasikika mpaka darasani. Mchana kundi la kwanza likaleta mkeka, la pili likaleta chungu cha babai, magimbi ya kinamasini. Madawati matatu yalikuwa matupu.

"Bwereti na wenzake wako wapi?" mwalimu akauliza.

Rotia akasimama. "Wako nje ya mwamba, Mwalimu. Wamekwenda kwa njia niliyowafundisha."

Uso wa mwalimu ukachanua. "Mmemsikia? Huko ndiko kujifunza!" Akaanza kupiga makofi, darasa zima likamfuata.

"Mwalimu, sikuwafundisha kurudi!" Rotia akapiga ukelele. Waliokaa karibu naye tu ndio waliosikia, nao wakaacha kupiga makofi.