Siku Nilipoilisha Migomba Sukari

Nimeshachekwa mpaka nje ya kanisa, basi na nyinyi mcheke, ila nisimulie mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia, maana yeye akianza haachi kitu.

Hapa kwetu Kibosho migomba ilikuwa imenyauka kwa ugonjwa, kihamba kwa kihamba, yale mashamba yetu ya kuzunguka nyumba, ukikata shina ndani unakuta kutu tupu. Kikundi chetu kikaomba miche safi, ile inayokuzwa maabara ndani ya chupa kutokana na kipande cha mgomba kidogo kama punje ya harage. Ikaja sitini. Bibi shamba wetu, binti mmoja anaitwa Manka, akauliza nani ataitunza mpaka ifae kupandwa, nami nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Mimi nimezaliwa mgombani! (Kweli kabisa, mama alishikwa na uchungu akiwakatia ng'ombe majani, na ng'ombe walilala njaa siku hiyo.)

"Babu," Manka akaniambia, "kwenye chupa ilikuwa inakula sukari ya kuandaliwa. Majani yake hayajui kujipikia chakula kwa mwanga, ndiyo kwanza yanajifunza. Iweke kivulini ndani ya nailoni, uifunue kidogo kidogo, maji kiasi. Na uiache ihangaike."

Siku ya tatu majani yakaanza kuwa ya njano. Jamani, mtoto ameachishwa ziwa leo, unamtazama tu? Nikachota vijiko viwili vya sukari nikakoroga kwenye ndoo.

"Baba Aika, sukari ya chai inaenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Nalea."

Kesho yake nikaiona imechangamka (niliiona mimi peke yangu), nikaongeza vijiko vinne, halafu kikombe, asubuhi na jioni, ile miche arobaini ya chanja ya juu. Zamu ya ile ishirini ya chini ilikuwa bado haijafika mke wangu alipoificha sukari.

Siku ya kugawana wakaja wanakikundi wote, na wageni wa Kahe waliotaka kujifunza. Nimevaa koti. Nikahutubia kwanza, nikasema shule nimeishia darasa la tatu lakini mgomba unanijua, kisha nikafunua nailoni.

Harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha! Ukungu mweupe juu ya udongo, sisimizi wamejipanga kama wanaenda mnadani. Nikanyanyua mche nionyeshe mizizi, shina likabaki mkononi bila mizizi. Nikanyanyua wa pili, vilevile. Sisimizi wakapanda ndani ya mkono wa koti, nikaruka, nikalivua mbele ya akina mama.

"Baba, hapa umekuza ndizi au umepika pombe?" mama mmoja wa Kahe akauliza.

Manka akanusa udongo. "Shikamoo, babu. Umeipa nini?"

"Kilo mbili za sukari!" mke wangu akajibu kwa niaba yangu.

"Basi uliulisha ukungu, babu. Huku nje hakuna usafi wa chupani. Mizizi imeoza."

Watu walicheka, ila mwenyekiti wetu, Mama Ndelia, hakucheka. Ni mjane, kihambani kwake halikubaki shina hata moja, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Alikuwa ameshikilia kikapu kitupu. Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe.

Manka akainamia chanja ya chini. Miche ishirini, majani ya chupani yamekauka, lakini katikati ya kila mmoja limechomoza jani jipya, dogo, gumu, kijani cha kukolea. "Hili limeota hapahapa," akasema. "Linajipikia."

Tukagawana hiyo. Nikawaambia jina langu likatwe, fungu langu apewe Mama Ndelia, kisha nikakata jani la sale, mmea wetu wa mpakani, nikamshikisha kwa mikono miwili kama tunavyoombana radhi sisi Wachaga. Akalitia kikapuni juu ya miche.

"Nimepokea," akasema. "Lakini usije kunisaidia kumwagilia."

Sijaenda. Leo migomba yake ina mikungu, nami huitazama kutoka barabarani, mikono mfukoni. Na mche wowote ukianza kuhangaika mbele ya macho yangu, naondoka nikakae mbali.