Alama Niliyoinyima Hadithi ya Ndiva

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimekaa kwenye ofisi ya walimu hapa Suji, nje kukiwa na ukungu wa kutetemesha. Nakusimulia kwa sababu umeniambia umejitolea kuwa jaji wa tuzo ya hadithi huko Same mjini. Nimefurahi, lakini na hofu nimeipata.

Nilikuwa mwalimu kijana, sauti kubwa kuliko akili. Tulijitolea majaji watatu, malipo yetu chai na viazi vitamu. Mshindi angechapishiwa hadithi yake, isomwe milima yote. Miswada ilikuja kwa namba, majina yamefichwa, ingawa kwenye vijiji vyetu huko ni kujisumbua tu. Ukisoma kurasa mbili unajua linasemwa shamba la nani.

Namba kumi na nne ilimsimulia mwanamume aliyezibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, siku ya zamu ya mjane, akayapeleka maji shambani kwake. Mahindi ya mjane yakakauka. Mwanamume huyo alikuwa na kidole kilichokatika na koti la kijani. Mwanangu, koti lile nilikuwa nalifua mimi. Alikuwa baba yangu, na nyumbani tulikua tukiambiwa kwamba yule mjane alimsingizia. Aliyeandika hakuweza kuwa mwingine ila binti wa mjane.

Ilikuwa nzuri kuliko zote, na nilijua. Nikaipa ishirini kwa mia. Pembeni nikaandika: haina uhalisia.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mgonja, mwalimu mstaafu asiye na haraka, akazisoma alama. Yeye na mwenzetu walikuwa wameipa tisini. Akaniuliza kwa upole sababu yangu. Nikajibu kwamba huku kwetu hakuna mtu wa kuiba maji ya mjane. Mwenzetu akaacha kutafuna.

“Binti yangu,” akasema Mzee Mgonja, “sikuulizi unamjua nani humu. Hadithi hii ingetoka mbali, kule Ugweno, ungeipa ngapi?”

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Nikasema, “Tisini na tano.” Kisha nikalia, mtu mzima na chaki mfukoni.

“Basi ulikuwa unalinda nyumba yenu. Ungesema mapema, tungekupumzisha kwenye hiyo moja, wala hakuna ambaye angekulaumu.”

Akaikata alama yangu, zikabaki zao mbili. Binti akashinda.

Siku ya tuzo aliisoma mwenyewe kwenye ukumbi wa kanisa. Baba alikuwa safu ya pili, maana sikuwa na ujasiri wa kumwambia asije. Kila sentensi nilimtazama, nikingoja ainuke atoke. Hakutoka. Binti alipomaliza, baba akasimama kwa shida.

“Mwanangu,” akamwambia, “mama yako hakusema uongo.”

Mjane alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Nilipomwona vile nilijionea aibu ambayo hadi leo haijaniisha. Ilibaki kidogo tu kalamu yangu imfanye azikwe akiitwa mwongo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta kwenye miswada hiyo mtu unayemjua, ndugu au mbaya wako, waambie wenzako kabla hujaandika alama yoyote. Siku hizi mnatumiwa kwa simu, lakini moyo wa jaji ni uleule. Hadithi ikikuudhi, isome tena hadi mwisho, ujiulize ni maandishi yanayokuudhi au ni ukweli uliomo. Na ukikosea, kubali palepale, hata kwa machozi.

Nenda basi. Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kukiri, na atakayeshindwa mbele yako ashindwe kwa haki.