Mtu Asiyetukanwa

Siku niliyofika Arusha nilitukanwa kabla sijatua mzigo. Nilisimama mbele ya bucha moja kule walikokaa watu wa kuja, karibu na mto Themi, nikauliza kama kuna mahali pa kulala. Mwenye bucha, Mnyamwezi mnene aliyevaa koti la jeshi lililokatwa mikono, aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia kabila la mama yangu alipiga kisu juu ya gogo kwa furaha.

"Jamani, fungeni milango! Wezi wameingia mjini. Babu yake huyu alimuuza babu yangu kwa kibaba cha chumvi."

"Babu yako hakufika bei hiyo," nilimjibu. "Alitolewa kama nyongeza, juu ya chumvi."

Watu walicheka, nikakatiwa kipande cha ini, na kabla jua halijazama nilikuwa na jamvi la kulalia nyumbani kwa kinyozi mmoja Mzaramo, ambaye naye alitukanwa na mwenye bucha kila alipopita na akamtukana vilevile.

Ndivyo utani ulivyofanya kazi mjini wakati wa Mwingereza. Makabila yaliyokutana zamani kwenye njia za misafara, yakapigana au yakauziana, yaliachiana haki ya kutukanana. Mtani wako anakuvua kofia njiani. Anaingia jikoni kwako bila hodi na kula kilichomo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi. Wameru na Waarusha hawakuwa na haja kubwa ya mambo hayo pale mjini. Wao walikuwa na vihamba vyao vya migomba na kahawa mlimani, na wafu wao walilala kwenye udongo wa baba zao. Sisi wengine tulikuwa na watani.

Nasema sisi, lakini yuko mmoja aliyekosa hata hao. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Nyasa. Alikuja na jeshi wakati wa vita, vita vikaisha, akabaki, akamtuma mtu amletee mke kutoka kwao. Alishona kwenye baraza ya duka la Mhindi, ng'ambo ya barabara kutoka buchani. Kabila lake halikuwahi kupita njia moja na kabila la mtu yeyote pale mtaani. Hatukujua tumtukane kwa lipi, kwa hiyo tulimheshimu. Sijawahi kuona mtu aliyeheshimiwa kwa ukatili kama ule.

Mwenye bucha alikuwa akimwambia mteja mmoja kwamba uso wake unafanya nyama ichache, anamwambia mwingine arudi kwao akale panya, watu wanavunjika mbavu kwa kucheka. Fundi akivuka barabara, sauti ilishuka.

"Karibu, bwana fundi. Nikukatie upande gani?"

Fundi alichukua nyama yake, akashukuru, akavuka tena. Kicheko kilianza nyuma yake kabla hajafika ng'ambo. Miaka ilipita hivyo.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa kijana wa Kizungu kutoka chuo kikuu cha kwao, mwekundu kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kana kwamba hakijawahi kutumika. Alitaka kujua jinsi watu waliotoka kila pembe wanavyogeuka kuwa watu wa mji mmoja. Mimi niliacha shule darasa la nne, nikachuma kahawa kwenye shamba la Mgiriki, nikafagia hoteli, nikachunga ng'ombe wa watu huko Olasiti, na popote nilipokwenda nilifukuzwa zaidi kwa maswali kuliko kwa uvivu. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba maswali ni kazi. Nilimfuata kila mahali.

Utani ulimfurahisha kupita kiasi. Lakini hakutosheka kuuona. Alitaka kujua unaishia wapi.

"Mbona humtanii fundi?" alimuuliza mwenye bucha asubuhi moja, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Fundi alikuwa pale ng'ambo, mguu kwenye cherehani.

"Yule? Nimtukanie nini, Bwana? Simjui babu yake. Hatukupigana nao, hatukuwauza, hawakutuuza. Hawana ubaya wowote kwetu."

"Maskini," alisema kinyozi. "Hata mbwa wa hapa ana mtani."

"Mbwa yupi? Yule mliyemla kwenye harusi ya dada yako?"

"Tulimla kwa sababu alikuwa ameshakula ng'ombe wa bucha yako, tukaona afadhali yeye."

Mtafiti alingoja kicheko kiishe. "Je, utani hauwezi kuanzishwa upya?"

"Kuanzishwa? Kwani ni duka, Bwana?"

Cherehani ya ng'ambo ilikuwa imenyamaza. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kitambaa na hakushona. Alikuwa amesikia kila neno.

Siku chache baadaye alivuka barabara wakati watu wamejaa buchani. Mimi nilikuwapo, na mtafiti alikuwapo. Fundi alisimama wima kama mwanafunzi anayeitwa mbele ya darasa, akasema, "Wewe Mnyamwezi, umenenepa hivyo kwa kula nyama ya wateja wako."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa tusi zuri. Kama ningelisema mimi, au kinyozi, watu wangelirudia mtaa mzima hadi jioni. Mwenye bucha aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye koti lake, polepole, upande huu na upande huu.

"Bwana fundi," alisema, "kama kuna siku nilikupunja kwenye mizani, niwie radhi."

Akamkatia kipande cha paja, akakifunga kwenye jani la mgomba, akamkabidhi kwa mikono miwili. Fundi alikipokea. Angefanya nini? Alivuka barabara na nyama ya bure mkononi, na safari ile hata kicheko cha nyuma hakikuja.

Jioni mtafiti aliniomba nimweleze kwa nini maneno yale hayakuchekesha. Nilimwambia yalichekesha, na kwamba kila mtu pale alijizuia. Alinitazama kwa mapenzi, kama mtu aliyepewa zawadi.

Tulikwenda hadi nyumbani kwa fundi kumhoji mkewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, na hawakuwa na mtoto. Kitanda, meza, mashati ya watu yaliyotundikwa ukutani. Mtafiti alimuuliza, "Ukiugua, nani huja kukutazama?"

"Mume wangu."

"Na mwingine?"

"Mume wangu."

"Na yeye akiugua?"

Mwanamke alinitazama mimi, si Mzungu, akacheka. "Huyu kaka anatafuta nini? Mwambie aje yeye basi, alete na chungwa."

Nilitafsiri ingawa haikuhitaji kutafsiriwa. Mtafiti alitabasamu, akaendelea na swali lililofuata.

Masika ya mwaka ule yalikuwa ya baridi. Mlima haukuonekana kwa wiki nyingi, matope yalifika vifundoni, na mwanamke yule alianza kukohoa. Alikohoa, akatema damu, akapelekwa hospitali, akarudishwa. Majirani walikuja mlangoni, wakauliza hali, wakasema pole, wakaondoka bila kukaa. Walikuwa na adabu wote. Alikufa mchana wa jua, wa kwanza baada ya mvua.

Nilimkuta fundi amekaa nje. Hakuwa analia. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Maiti isiyokuwa na watu, pale mjini, ilizikwa na wafungwa. Walikuwa wakija na mkokoteni na askari mmoja nyuma yao, wakachimba shimo fupi huku wakiongea habari za chakula, wakamaliza.

"Sitaki wafungwa wamshike mke wangu," alisema. "Mimi nikifa, sawa. Yeye, hapana."

Alikuwa msharika wa Walutheri, na mchungaji alikubali kuja kusali. Seremala alikopesha jeneza. Lakini kuchimba ni kazi ya watu wa marehemu, na kila msharika tuliyemwendea alikuwa na sababu yake, yenye heshima na pole nyingi. Mmoja alikuwa na ng'ombe anayezaa. Mwingine alikuwa anaumwa mgongo. Ilipofika jioni fundi aliacha kuzunguka. Kulikuwa na mimi tu, na mtu mmoja hachimbi kaburi la kueleweka kwenye udongo ule uliolowa.

Asubuhi alikuja mwenye bucha, jembe begani. Hakupiga hodi. Alimpita fundi mlangoni bila salamu, akaenda jikoni, akafunua sufuria, akala ugali uliobaki kwa vidole, akiwa amesimama, akaifuta sufuria mpaka ikang'aa.

"Ugali wa leo mbaya kama mwenye nyumba," alisema. "Kaburi liko wapi?"

Nyuma yake alikuwa kinyozi na sepeto. Nilimwona fundi akishika nguzo ya baraza. Alielewa kilichokuwa kimeanza. Sote tulielewa. Mtafiti, niliyemwita kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, alinishika mkono akauliza kwa mnong'ono kama huo ndio utani, na nikamwambia ndiyo.

Walichimba mpaka adhuhuri. Mtaa mzima ulikuja, kwa sababu habari ilishasambaa kwamba fundi ametukanwa. Mchungaji alisali. Jeneza lilipofikishwa ukingoni, mwenye bucha alishuka kaburini, akajilaza chali, mikono kifuani.

"Sitoki. Pazuri hapa. Pamechimbwa na mimi, ni pangu."

Wanawake walifunika midomo kwa kanga. Kinyozi alimwambia atoke, naye akamjibu anyamaze, Mzaramo hana sauti mbele ya kaburi kwani baba yake alizikwa na deni.

"Tazameni jeneza lenyewe," mwenye bucha aliendelea. "Limepinda. Nani kapima? Si huyu fundi? Kama suruali zake. Mguu mmoja unakwenda Moshi, mmoja unakwenda Dodoma."

Watu walicheka, wengine na machozi. Nilimtazama fundi. Mdomo wake ulitetemeka na pembe moja ikapanda kidogo. Alikuwa anataka kutabasamu. Mtu yule, mkewe akiwa ndani ya sanduku miguuni pake, alikuwa karibu kufurahi.

Basi mwenye bucha aliongeza, kwa sababu mtani huongeza mpaka alipwe.

"Nileteeni kuku niondoke. Hamna kuku? Haya, mshusheni mke, nitalala naye mimi. Wewe fundi ulilala naye miaka yote, cherehani inakwenda, inakwenda, nguo haionekani!"

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Hata mchungaji aligeuka akatazama migomba. Na kilikuwa bado hakijaisha fundi aliposhuka kaburini na sepeto. Alimpiga mwenye bucha mdomoni. Tulisikia meno. Akampiga tena begani, na mara ya tatu mimi na watu wengine tulikuwa tumeshamshika.

Mwenye bucha alitoka akiwa amejaa matope na damu. Alitema kitu mkononi, akakitazama.

"Mtukane!" kinyozi alimpigia fundi kelele. "Mtukane upesi! Mwambie lolote!"

Kinyozi alikuwa sahihi. Tusi moja tu, na damu ile ingekuwa sehemu ya mchezo. Watu wangesema fundi ni mtani mkali, anang'oa meno, na sifa hiyo wangeisimulia hadi kwa wajukuu. Fundi alifungua mdomo. Sote tulimngoja. Mwenye bucha naye alimngoja, ameinamisha kichwa kidogo, kama anayetega sikio.

"Nisamehe," fundi alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mwenye bucha alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine.

"Hakuna neno, baba," alisema. "Shikamoo."

Walikuwa rika moja. Kisha akateremsha jeneza kwa uangalifu mkubwa, akafukia, akasawazisha udongo kwa mikono yake. Lilikuwa kaburi zuri. Wafungwa hawakumshika mwanamke yule.

Mtafiti alimfuata fundi njiani. Uso wake uling'aa. Aliniambia nimuulize alihisi nini wakati ule alipopiga. Nilimwambia amuulize mwenyewe, Kiswahili anakijua. Akamuuliza.

"Mke wangu amekufa, Bwana," fundi alisema.

"Ndiyo," alisema mtafiti. "Nina maana baada ya hapo."

Jioni nilimlaumu mwenye bucha. Nilimwambia alivuka mpaka, kumtajia mtoto mtu asiye na mtoto. Hakuweza kunijibu kwa uvimbe wa mdomo. Kinyozi ndiye aliyejibu.

"Amemfanya ndugu yake mbele ya mtaa mzima. Ulitaka amtukane nusu?"

Fundi alikaa ndani siku kadhaa. Kisha asubuhi moja nilimwona akivuka barabara, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe, na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Alikuwa amekuja na maneno. Nilijua, kwa sababu mwendo wake ulikuwa wa haraka, wa mtu anayeogopa kuyasahau.

Buchani watu walikuwa wanatukanana kama kawaida. Walipomwona waliinuka. Mmoja alimtolea kigoda, mwingine akakipangusa kwa kitambaa cha kichwa chake mwenyewe. Walimkalisha. Mwenye bucha, pengo likionekana, aliinama kidogo juu ya gogo lake.

"Karibu sana, baba. Pole na msiba. Nikukatie upande gani?"

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wamefumbata mikono mbele, kama watu walio kanisani.

"Nusu ratili," alisema.