Siku Kumi Bila Kicheko

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipopelekwa sekondari nililia ndani ya boti mpaka mji wetu wa Baraka ukapotea nyuma yetu, na niliporudi nikaapa sitalala tena mbali na ziwa letu. Kwa hiyo yule daktari Mzungu wa hospitali yetu, aliyetaka kunituma ng'ambo nijifunze kupasua macho, alishindwa nami. Akanifundisha palepale. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Nilianza na macho ya mbuzi kutoka kwa wachinjaji wa sokoni, nikaendelea na ya watu huku daktari amenishika mkono, mpaka akasema sasa naweza kushika kisu peke yangu.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa peke yangu alikuwa nyanya yangu, mama wa baba, kutoka kijiji cha Kazimia. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga pande zote mbili. Alichambua ndagala, visamaki vya ziwa letu, kwa vidole, nasi tulikula mchanga na kumshukuru. Daktari alitaka nianze na mtu nisiyemjua, lakini nyanya akasema hatalala mbele ya kisu cha yeyote isipokuwa mume wake. Mume ndiye mimi. Kwetu mjukuu ni mume wa nyanya yake, na wana ruhusa ya kutaniana mpaka kaburini.

Tulianza na jicho la kulia. Nilivuta polepole, na yule mtoto wa jicho akatoka mzima kwenye kibano, wa kahawia, kama punje ya hindi. Nusura nikimbie naye barabarani nimwonyeshe kila mpita njia! Daktari alisema tu kwamba si vibaya. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa jasho.

Enzi zile mgonjwa alilala chali siku kumi, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga imebana kichwa huku na huku. Akikohoa, akilia, hasa akicheka, kidonda kinaweza kufunguka na jicho likapotea. Nikamkataza nyanya kucheka. Nikawafukuza mlangoni wajukuu wote wa Kazimia. Nilisahau kwamba mjukuu wa hatari kuliko wote ndiye aliyevaa koti jeupe. Asubuhi ya kwanza nilimwuliza kama alilala vizuri au aliota mwanaume mwingine. Mashavu yake yakaanza kutetemeka. Daktari akanitoa nje kwa kola na kuniamuru nifunge mdomo.

Basi nikawa napita kimya. Lakini nyanya alizijua hatua zangu. Siku ya nne akasema, sauti nyembamba:

“Mume yangu anapita, hasemi. Jicho imekufa, anaogopa kuniambia.”

Kidevu kikamcheza. Na kulia nako kulikuwa marufuku.

Nikaketi haraka. Nilihitaji maneno yasiyochekesha wala kuliza, na kichwani mwangu nikayakuta mengi: mito ya Ubelgiji, nchi ya wakoloni wetu, tuliyokaririshwa sekondari kwa fimbo. Meuse, Escaut, Sambre, Lys. Nikaitaja taratibu. Aliuliza kama ina samaki. Nikajibu hilo hatukufundishwa. Akalala.

Nilimsomea mito hiyo kila siku. Miaka mingi baadaye, nilipofundisha wengine kazi hii, niliwataka waikariri kabla ya kushika kisu, nao wakanong'onezana kwamba mwalimu amezeeka vibaya.

Siku ya kumi nikafungua bandeji. Daktari alishika kioo kinene cha miwani mbele ya lile jicho, na nyanya akanitazama kuanzia kichwani, akishuka. Nilijiambia basi, nimeliharibu.

“Mume yangu,” akasema mwishowe, “koti yako inakosa kifungo. Ile ya tatu. Nani alikuwa anakuangalia, mi nikiwa kipofu?”

Nilijishika kifuani. Kweli, uzi tu. Nilicheka mpaka nikashikilia kitanda, machozi yakinitoka, na daktari naye akageukia ukutani mabega yakimruka. Nyanya hakutikisa hata shavu.

“Nyamaza, munganga,” akaniambia. “We ulisema hapa hakuna kucheka.”