Hadithi Niliyowasomea Watu wa Swima

Aibu hii ni yangu, na afadhali muisikie kwangu mwenyewe, maana watu wa Swima wakiieleza wananiongezeaka mapembe, na wale wa Baraka wanaanza kucheka hata hawajafika katikati.

Nilikuwa mwaka wa mwisho kwenye masomo ya misioni pale Baraka (shule tuliiita masomo), siku za Wabelgiji, na masomo yetu yalikuwa na desturi iliyotupa sifa mpaka Fizi kule juu: kulea waandishi. Mwalimu wetu Wilondja alituketisha kila Jumamosi barazani, mmoja anasoma alichoandika, wengine wanamkatia maneno yake ya bure, na mwisho wa mwaka anachagua mwanafunzi mmoja asome hadithi yake uwanjani, mbele ya bazazi waliotuzaa, mapadri, na kila mwenye masikio. Aliyesoma siku hiyo aliitwa mwandishi maisha yake yote, hata kama baadaye aliishia kuuza chumvi.

Mwaka ule alinichagua mimi. Hadithi aliyoitaka ilikuwa ya mama yangu na shamba lake la muhogo kule Lubondja, hadithi ya kweli, nzuri, na mi nikaiona ndogo. (Mwenzangu wa mwaka uliotangulia aliwaliza bamama wote, nani atalia juu ya muhogo?) Basi nikaamua, bila kumwambia mwalimu, kusoma nyingine niliyoitunga: mvuvi mmoja wa Swima, nikamwita Ebuela, mtumbwi wake ulirudi ufukweni peke yake, taa ingali inawaka, na tangu hapo kila magharibi anakuja nyumbani kwake kupiga hodi na kumuomba mke wake shati kavu, na mke anaogopa kufungua. Mi mtoto wa milimani, ziwa lenyewe nililiogopa, na Swima sikuwahi kukanyaga.

Siku yenyewe jua lilikuwa linashuka na uwanja umejaa. Nikapanda juu ya meza, nikaanza. Mwanzoni watu walikuwa bado wanakohoa na kutuliza batoto, lakini nilipoutaja ule mtumbwi wakanyamaza, wakanyamaza kabisa, hata wale wa kunyonya, hata upepo wa ziwa unaotusumbuaka kila saa kama ile ukakatika, na mi (hapa ndipo ujinga wangu ulipochanua) nikajisemea kwamba hiyo ndiyo nguvu ya kalamu yangu. Nikaacha karatasi. Nikaanza kuongeza. Nikamfanya maiti wangu aburute mguu wa kushoto, nikauburuta wangu juu ya meza watu waone, nikainama nikagonga mbao karibu na vidole vya miguu yangu, nikasema huyu hapigi mlango pale watu wanapopiga, anapiga chini, kama mtu aliyelala. Kisha nikabadili sauti, nikaomba shati.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilipoinua macho, watu waliotoka Swima, upande mmoja wa uwanja, hawakuwa wananitazama mimi, walikuwa wanamtazama mama mmoja aliyejifunga kitambaa cheusi, na yule mama alikuwa ameshasimama, anakuja.

“Mutoto,” akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, “nani alikuambia?”

Nikamjibu hakuna mtu, mama, nilitunga mu kichwa yangu tu.

“Ulikosa jina,” akasema. “Bwana yangu aliitwa Alimasi. Lakini muguu ni ule. Na mulango, iko anapiga chini vile vile. Sikuambiaka muntu, hata batoto yangu.”

Nikarudi nyuma. Meza ikayumba, nikawaangukia mapadri, mtungi wa maji ukapasuka, suruali yangu ikalowa yote (mpaka leo kuna wanaosema hayakuwa maji ya mtungi, na mi nimechoka kubishana nao), na nilipojaribu kukimbia nikakuta nimezungukwa, huyu ananishika mkono anataka nimuulizie kaka yake aliyezama, yule anauliza kama mama yake analala vizuri, na kila niliposema mi ni mwongo tu, sijui kitu, ndivyo walivyozidi kunisogelea.

Mwalimu Wilondja ndiye aliyenitoa pale. Hakunipiga. Kesho yake alinipeleka Swima kuomba radhi, na yule mama akatukaribisha ndani, akafunga mlango, akayasikiliza maneno yangu yote, kisha akayaweka kando kama mtu anayeondoa kinu njiani. Radhi hakuihitaji. Alisema nimemwacha bwana yake nje.

“Umalize,” akasema. “Ni we unajua kupanga maneno. Mi kila siku nafika ku mulango, nashindwa.”

Nikamtazama mwalimu anisaidie, naye akanisogezea kigoda. Basi nikamaliza, kwa mdomo: mke akafungua, akampa shati, mtu akavaa, akashukuru, akarudi ziwani bila kugeuka. Nikiwa bado naongea mama alitoa shati kwenye sanduku, akalikunjua, akafungua mlango, akalitundika nje, akafunga. Giza lilikuwa linaingia. Mi sikusikia hodi. Lakini niliona mwalimu wangu, aliyetufundisha kwamba mizimu ni maneno ya wasiosoma, anavuta miguu yake taratibu, anaiondoa karibu na mlango. Tulipotoka shati halikuwepo, na upepo haukuwepo. Labda mtu alipita akalichukua. Hatukuuliza.

Baada ya majuma kadhaa yule mama alikuja masomoni kunitafuta. Nilidhani ameleta shukrani. Nikafunga kifungo cha kola kabisa.

“Haji tena,” akasema. “Tangu ile siku, kimya.”

Nikamwambia Mungu ashukuriwe. Akaitazama kola yangu, mpaka nikaona haya ya kuwa nayo.

“Nilikuwa namuogopa,” akasema, “lakini alikuwa anakuja.”

Akageuka akaenda zake. Nimeandika mengi tangu hapo, na barazani pale nilikuja kuwakatia vijana wengine maneno yao ya bure, lakini kummalizia mtu hadithi ya mtu wake, hata akiniomba kwa machozi, sijafanya tena, na sitafanya.