Majani ya Sakafuni

Homa ya papasi ilipoenea Nyakasimbi, miaka michache baada ya vita vya dunia, dresa wa zahanati alituita kwenye uwanja wa kanisa. Alieleza kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kinyambo. Mimi na mke wangu tulikaa pamoja, tukasikia maneno yale yale.

Nilichokishika mimi ni kwamba papasi huwauma wasafiri wanaolala kambini njiani kwenda Uganda. Sikuwa msafiri, nikatulia. Mke wangu alishika kwamba papasi hujificha kwenye udongo wa sakafu, chini ya majani, na kwamba mjamzito akiipata homa hiyo, mimba huharibika. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilikuwa imetoka.

Aliomba tuyachome majani, tusiribe sakafu upya, nami nimtengenezee kitanda cha miti. Lakini kila nyumba yenye heshima ilitandikwa majani, na wiki ile wazee walikuwa wanakuja kumposa dada yangu. Kuwakalisha kwenye udongo mtupu kungekuwa kama kuwafukuza. Nilimwambia mke wangu kwamba dresa hakusema hayo. Sikudanganya kwa makusudi. Niliyatafuta kichwani, sikuyakuta.

"Alisema, bwana. Alisema mara mbili."

"Umesoma darasa la ngapi wewe?"

"Sikusoma. Lakini nilikuwepo."

Mama yangu alicheka, akasema mimba za siku hizi zinataka vitanda kama vya Wazungu. Nikatandika majani mabichi juu ya yale makuukuu.

Wazee walikuja, wakasifu nyumba, wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Siku ya tisa mke wangu akashikwa na homa. Ikaachia, ikarudi. Iliporudi, mtoto alitoka, wa kiume, bila kulia.

Nilikwenda zahanati kumlaumu dresa kwa kutotuonya. Hakubishana nami. Alimgeukia mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa kwenye foleni, akamwomba aseme alichosikia kule kanisani. Yule mama akakitaja chote: udongo, majani, kitanda, mimba. Hakukosea hata kimoja.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kuyakusanya majani kwa mikono miwili. Mke wangu alikuwa amelala pembeni, uso kaelekeza ukutani. Hakugeuka.

"Acha kwanza," alisema. "Watu wanakuja kutupa pole. Watakaa wapi?"