Mama Nakala na Kompyuta Isiyougua

Jina la Mama Nakala alilipata kabla kompyuta hazijafika mtaani, enzi za mashine za chapa zilizolia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mteja akija na barua ya kuomba kazi, mama huyu aliweka karatasi mbili na kaboni katikati, akapiga, akampa mteja ya juu, ya chini akaitia kabatini. "Ya juu ni yako, ya chini ni ya kukuokoa," alisema. Na aliwaokoa wengi. Watu walinyeshewa, waliibiwa mikoba, vibanda vyao viliungua, kisha wakaja kwake na nyuso za msiba, naye akavuta droo akawapa barua yao kavu, haijakunjwa. Wakati ule mtu akikabidhiwa kitu cha mwenzake, amekabidhiwa kweli. Siku hizi unampa mtu simu akuchajie, ukirudi ameshasoma ujumbe wako wote na nusu yake amekujibia.

Kompyuta zilipoingia, mashine ya chapa ilipandishwa juu ya kabati ikafunikwa kitambaa, lakini desturi haikufunikwa. Mteja akileta flashi, Mama Nakala alimimina kila kilichomo kwenye folda yenye jina la mteja huyo, akafanya kazi iliyomleta, kisha akamrudishia vyote jinsi vilivyokuja. Hakuchagua. Hakufungua yasiyomhusu. Hakufuta hata herufi. "Mali ya mteja haitupwi," alisema, "hata likiwa ganda la karanga."

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, printa yenye kikohozi, na kiti cha wateja ambacho mguu wake ulifungwa kwa waya. Kompyuta ilikuwa ya mitumba. Mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kebo kwa sababu hakuonekana bila waya shingoni, aliikuta ikijikokota na Windows ya zamani, akaifuta yote na kuweka mfumo mwingine, Linux.

"Hapa sasa umepumzika, dada," alimwambia. "Virusi vinavyosumbua watu karibu vyote vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Vikiingia humu vinakaa vinashangaa tu, kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake."

"Na antivairasi?"

"Ya nini? Utakuwa unamvisha samaki koti la mvua."

Maneno hayo yalimkaa Mama Nakala moyoni, na neno likimkaa moyoni halikawii kufika mdomoni. Sasa, binti yake alikuwa ameolewa na mtoto wa mwenye kiwanda cha uchapaji, mitaa michache kutoka pale. Kila alichokipanga Mama Nakala, kadi, mitihani, vijitabu vya semina, kilitiwa katika flashi yake nyekundu na kupelekwa kuchapwa kwa mwenye kiwanda huyo, ambaye sasa waliitana mkwe. Jumapili moja alialikwa huko chakula cha mchana, mkwe akawa analalamika jinsi anavyonunua kinga ya virusi kila mwaka kwa kompyuta zake zote.

"Pole sana, mkwe," alisema Mama Nakala, akinawa mikono. "Kwangu mimi homa hiyo haijulikani." Akatoa ule mfano wa samaki na koti. Meza nzima ilicheka. Mwenye nyumba naye alicheka, lakini kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali wa mwenzake na hataki lijulikane. Wahenga walikwisha kuonya kuhusu kuwatukana wakunga na uzazi ungalipo, ila nani siku hizi anawasikiliza wahenga?

Haukupita muda mrefu, binti yake akaja ofisini. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuegemea.

"Mama, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na baba mkwe. Amesema nikwambie kwa upole."

"Basi sema kwa upole."

"Amesema usipeleke flashi yako tena."

Mama Nakala alivua miwani. "Huo ndio upole? Ukali wake ungekuwaje?"

Binti akaeleza. Kompyuta ya kiwandani inayolisha mtambo, licha ya kinga yake ya kununua, iliamka folda zake zote zimegeuka njia za mkato, vile vialama vyenye kishale. Ukibofya, hakifunguki kitu, na ugonjwa unarukia kompyuta ya pili. Kazi zilisimama, kadi za harusi za watu zikachelewa, na bwana harusi mmoja alikuja akapiga kelele mpaka mtambo wenyewe ukaonekana una adabu. Walipofuatilia, wakakuta flashi ya mwisho kuchomekwa ilikuwa nyekundu.

"Wateja wako wapeleke karatasi tu. Wataandikiwa upya kule kule."

"Waandikiwe upya! Na mimi nifanye nini, nipige makofi? Mwambie mkwe kompyuta yangu haiugui. Mwambie nyani haoni..."

"Mama! Mimi naishi mle ndani. Nikifika na maneno hayo, chai nitainywea wapi?"

Mama Nakala akarudisha miwani usoni. Binti alipoondoka, alibaki akiitazama printa yake. Kiwanda kingine cha karibu hakikuwapo. Mteja akishajua kwamba karatasi yake itaandikwa kule inakochapwa, ana haja gani ya kupitia kwake? Hilo lingefunga ofisi. Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa jingine: ukweni ameonekana mchafu. Mtu anaweza kufilisika akasimama tena, lakini mwanamke aliyeitwa mchafu na wakwe zake atajisafisha kwa maji ya mto gani?

Akamwita Fundi Kebo. Alikuja kifua mbele.

"Wachafu ni wao, dada. Linux haishikwi na hivyo vitu. Lete hiyo flashi niwaoneshe." Akaichomeka, akafungua folda ya kwanza. Kifua kikarudi nyuma. "Hiki ni nini?"

"Kipi?"

"Hiki chenye jina kama paka katembea juu ya kibodi."

"Aa, hicho! Nakifahamu. Kilikuja na flashi ya yule muuza rangi za nyumba. Nikajua ni chake."

"Na hivi vyenye alama ya kishale?"

"Vyake pia. Nimevipeleka vyote kiwandani, nisije kuambiwa nimepoteza vitu vya watu."

Fundi Kebo alishika kichwa. Ilibidi aeleze polepole. Kirusi kile, kwenye Windows, hujificha. Muuza rangi hajawahi kukiona tangu azaliwe. Kwenye Linux hakijui kujificha wala kuamka. Kinalala uchi mchana kweupe, hakimdhuru mtu. Kwa hiyo katika watu wote walioshika ile kazi, aliyekuwa akimwona mwizi kwa macho yake ni Mama Nakala peke yake, na kwa uaminifu wake wote alimbeba kwa mikono miwili akamfikisha kwa mkwe. Hivyo ndivyo dunia ya sasa inavyowalipa waaminifu. Mtu mzembe angekiona kile kidude akakifuta bila kuuliza, na kiwanda kingepona.

"Kwa hiyo kompyuta yangu ni nzima," alisema Mama Nakala.

"Nzima kabisa."

"Lakini imeambukiza watu."

"Haijaambukiza, dada. Imebeba tu."

"Na aliyebeba mzigo wa mwizi huwa anaambiwaje?"

Fundi Kebo alikuna waya shingoni kana kwamba ni shingo yenyewe.

"Weka hiyo antivairasi," dada yake akasema.

"Kwenye Linux? Wenzangu watanicheka mpaka wakohoe. Mtu wa Linux nyumbani kwake anasasisha mfumo, haokoti programu za barabarani, hatoi nywila yake ovyo, basi. Mimi mwenyewe sina antivairasi na nalala usingizi."

"Wewe kompyuta yako inakaa nyumbani kama mwali. Yangu inapokea wageni mchana kutwa na kuwasindikiza kwa watu. Samaki wako halowi, nimekubali. Lakini mimi namlaza kwenye godoro la mkwe wangu, na godoro linalowa!"

Fundi alitaka kubisha, akajikuta anacheka. Akaweka programu moja ya bure ambayo ukiielekeza kwenye folda inapekua kilichomo. Ilipekua flashi, ikapekua na folda za wateja zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Vidude vilipatikana kwa muuza rangi, kwa mshonaji wa sare, hata kwa mwalimu wa chekechea.

"Nifute?" aliuliza Fundi Kebo, kidole kikiwa tayari.

"Subiri. Nimuulize mwenyewe."

"Dada, ni kirusi!"

"Kiko ndani ya folda yake." Akachukua simu. "Ndugu yangu, habari za rangi? Sikiliza, kwenye flashi yako kuna kidude, jina lake halisomeki. Ni chako?"

"Mimi?" sauti ya muuza rangi ilisikika mpaka mlangoni. "Mama, mimi kompyuta naiona kwako tu. Hata hiyo flashi ni ya mwanangu."

"Kwa hiyo naweza kukitupa?"

"Tupa, mama. Ukitaka tupa na flashi!"

Aliwapigia wote, mmoja baada ya mwingine, huku mdogo wake akiegemea ukuta na kugumia kama mtu mwenye jino bovu. Kila aliyejibu "tupa", alifuta kwa mkono wake mwenyewe, akaikagua ile folda kama iko salama, ndipo akaenda kwa anayefuata. Halafu akajitanda mtandio wake wa kutokea, akachukua flashi nyekundu, akaenda kwa mkwe. Hakutuma mtu.

Mkwe alimwona tangu mlangoni. Akafuta wino mikononi, akavuta kiti haraka, kwani alikuwa amejiandaa kutukanwa na alitaka atukanwe kwa heshima.

"Karibu, mkwe, karibu ukae."

"Sikuja kukaa, mkwe. Nimekuja kurudisha maneno niliyoyasema mezani pako. Huo uchafu ulipita mkononi mwangu. Sikuujua, lakini mkono ni wangu."

Mkwe akababaika. "Aa, haya ni mambo ya mashine tu, mkwe..."

"Mashine haikula chakula chako. Niliyekula nikakucheka ni mimi. Nisamehe."

Wafanyakazi wakajifanya hawasikii, na mmoja akapunguza kelele za mtambo asikie vizuri zaidi.

"Yamekwisha," mkwe alisema hatimaye. "Leta kazi zako kama zamani. Ila kuna jambo. Pale mlangoni tumeweka kompyuta ya kupekua. Kila flashi inaanzia pale, hata yako. Nikikupitisha wewe, nitamzuia nani?"

Miaka yote Mama Nakala alipita mlango ule moja kwa moja mpaka kwenye mtambo, bila kuulizwa kitu. Kulikuwa na wakati jina la mtu ndilo lililokuwa ukaguzi wake. Akisema kitu ni safi, ni safi, na asiyeamini ndiye aliyeona haya. Wakati huo umekwenda na karatasi za kaboni, na waliouona ukienda hawakuulizwa. Lakini hakubisha. Alirudi mlangoni akapanga foleni nyuma ya kijana mwenye kadi za mahafali.

Zamu yake ilipofika, mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo bila haraka.

"Safi, Mama Nakala," alisema mpekuzi.

"Asante. Na hiyo inayoning'inia shingoni mwa mkwe, imeshapekuliwa?"

Ghafla kila mfanyakazi alipata kitu cha kuokota sakafuni. Mkwe aliinamisha kichwa, akaitazama flashi yake iliyofungwa pamoja na funguo, akamtazama na mama wa mkaza mwanawe. Kisha akaivua, akaja polepole, akasimama mwisho wa foleni.

"Haya, mkwe," alimwambia Mama Nakala, "sogea basi. Umeziba njia."